Viazi vya kuoka vya aina nne, na ukoko unaoanzia kwenye maji

Kiazi cha kuoka kinachosindikiza nyama au samaki hupimwa kwa mambo mawili yasiyopatana: nje kinapaswa kuwa na ukoko mkavu unaovunjika kwa mlio jino linapougusa, na ndani kinapaswa kuwa laini kama malai. Ukavu wa nje hudai moto mkali na muda mrefu, ilhali ulaini wa ndani hudai unyevu usitoroke wote. Kwa muda wa majuma matano nimepika, kila kimoja zaidi ya mara moja, vyakula vinne vinavyosifiwa kuwa vimeyapatanisha hayo mawili, nikitumia oveni moja, sinia moja nzito ya chuma na chumvi ileile, ili tofauti yoyote nitakayoionja itokane na mbinu yenyewe. Alama ninazotoa ni za mlaji. Mpiga picha huenda angezipanga vingine kabisa.

Nianze na kile kilichonishinda kukikosoa, yaani viazi vya kuoka vya Kiingereza. Kiazi humenywa, hukatwa vipande vikubwa vyenye pande bapa, huchemshwa katika maji ya chumvi hadi kingo zianze kumomonyoka, kisha huchujwa na kurushwarushwa ndani ya chujio mpaka uso wake uchakae mithili ya ukuta uliopigwa lipu na fundi mwenye haraka. Baada ya hapo vipande huingizwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto ndani ya oveni, kati ya nyuzi 200 na 220 za Selsiasi, vikaokwa kwa takriban saa moja na kugeuzwa mara mbili au tatu.

Ule uji mzito wa wanga unaoganda juu ya kipande kilichochakaa ndio ukoko wa baadaye. Chembe za wanga wa kiazi hufyonza maji na kuvimba joto linapofika takriban nyuzi 60 hadi 70, na uji huo ukishakaukia ndani ya mafuta ya moto hugeuka kuwa tabaka gumu lenye vijitundu vingi. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi ya mapishi hupita harakaharaka hatua ya kuacha mvuke utoke, ingawa ndiyo inayoamua kila kitu. Takriban asilimia 80 ya kiazi ni maji, na uso uliolowa haupandi sana juu ya nyuzi 100 hata oveni ikiwa na nyuzi 220, ilhali rangi ya kahawia na harufu inayoambatana nayo hujitokeza kwa kasi pale uso unapofikia nyuzi 140 au zaidi. Mara ya kwanza nilivimimina viazi kwenye sinia vikiwa vinafuka, nikapata vipande vilivyopauka na kunywa mafuta. Mara ya pili niliviacha kwenye chujio dakika 10, mpaka nyuso zikafifia na kuwa nyeupe kama chaki, na matokeo yakawa chakula kingine kabisa.

Wapo wanaotia soda ya kuokea kwenye maji ya kuchemshia, kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa lita 2 za maji. Nilikuwa na shaka, lakini jambo hilo lina msingi: maji yenye ualkali huvunja haraka pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za kiazi, kwa hiyo uso huporomoka na kutoa uji mwingi zaidi wakati moyo wa kipande ungali mzima. Siki hufanya kinyume chake, yaani huikaza pektini, na ndiyo sababu anayetaka vipande visivyovunjika huitia kidogo. Soda inahitaji mkono mwepesi, kwa maana ikizidi huacha ladha ya sabuni ambayo hakuna chumvi itakayoifunika.

Kuhusu mafuta, sifa kubwa hupewa yale ya bata bukini, nami nakiri kwamba ni matamu, ila mafuta ya ng'ombe yalinipa ukoko mgumu zaidi na harufu iliyokaa vizuri pembeni mwa nyama. Mafuta ya alizeti hayakuniaibisha. Siagi ilinivunja moyo, kwa sababu chembe za maziwa zilizomo ndani yake huungua kabla viazi havijaiva. Samli, ambayo imekwisha kuondolewa chembe hizo, inastahimili. Kinachobaki ni mbegu ya kiazi. Waingereza hupendelea Maris Piper, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, na King Edward ya mwaka 1902, na zote mbili zina wanga mwingi na nyama inayopukutika. Viazi vya aina nyingine yenye nyama inayonata havichakai vizuri, hata ukivitikisa hadi mkono uchoke. Kwa chakula hiki natoa alama 9 kati ya 10, na ile moja naibakiza kwa sababu ya vyombo vingi vinavyosubiri kuoshwa.

Chakula cha pili ni Hasselback, kiazi kizima kilichochanjwa chanjo nyembamba zisizofika chini, hata kikafunguka kama feni kikiwa ndani ya oveni. Jina lake linatokana na mgahawa wa Hasselbacken mjini Stockholm, Uswidi, na hakuna ubishi kwamba kikiwa mezani hupendeza macho. Mdomoni ni habari nyingine. Ncha za vipande hukauka kama karatasi, sehemu ya chini huwa kiazi cha kuoka cha kawaida tu, na baina ya hizo mbili kuna eneo lililogandamana ambalo mafuta hayakulifikia. Nilipokiloweka kwanza kwenye maji baridi ili wanga wa nje utoke, chanjo zilifunguka vizuri zaidi, lakini ule wanga niliouondoa ndio ambao ungeweza kunipa ukoko. Natoa alama 5, tena tatu kati ya hizo ni za urembo.

Anayejali zaidi ulaini wa ndani apike viazi vya kuyeyuka, ambavyo ni ndugu wa pommes fondantes za Wafaransa. Vipande vinene vya sentimita mbili au tatu huokwa kwa siagi kwenye moto mkali hadi pande zote mbili zipate rangi, kisha humwagiwa supu ya kuku pamoja na kitunguu saumu na kurudishwa katika oveni kwa dakika 15 hivi. Moto mkali wa mwanzo ni mfupi, hivyo siagi haipati muda wa kuungua kama ilivyofanya katika ile saa nzima ya viazi vya Kiingereza. Moyo wa kipande hunywa supu na kulegea kiasi kwamba kisu hakihitajiki. Hata hivyo, supu hiyohiyo hulainisha upande uliozama, na mlaji hupata ukoko upande mmoja tu. Nimekipa alama 7, na katika ulaini peke yake hakuna kilichokikaribia.

Viazi vya kupondwa havina mengi ya kuelezwa: vidogo vidogo huchemshwa na maganda yake hadi viive kabisa, hubonyezwa kwa sehemu ya chini ya bilauri, hupakwa mafuta na kuokwa. Ndicho chakula pekee kati ya hivi vinne ambapo viazi vyenye nyama inayonata hufanya vizuri, kwa kuwa ganda huvishikilia visisambaratike. Alama 8.

Viazi vya kazi hii visihifadhiwe ndani ya jokofu, kwani baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, navyo huwa vyeusi na vichungu kabla ya kupata ukoko. Sukari hiyo pia huongeza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo wanasayansi wa Uswidi walitangaza mwaka 2002 kuwa imo katika vyakula vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali, na kwa hiyo rangi ya dhahabu inatosha. Vikishatoka kwenye oveni visifunikwe. Mimi nilivifunika vile vya Kiingereza kwa karatasi ya alumini nikimsubiri mgeni aliyechelewa dakika 20, na nilipovifunua, mvuke ulikuwa umekwisha kuvirudisha kwenye hali ya viazi vya kuchemsha.