Splaisa ya riboni kwenye kebo ya kori 3456: uzoefu wangu

Splaisa ya riboni ni mashine inayounga kwa mpigo nyuzi kadhaa za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga; sisi mafundi kila uzi tunauita kori. Kwa kebo kubwa naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa fundi wa kebo za kori 24 na 48 za mitaani naipa mbili, na hizo mbili ni za heshima tu.

Kazi yangu ni kuunga faiba huku Ashburn, kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia, Marekani, mahali ambapo vituo vya data vimebanana hadi ukitoka kwenye kivuli cha kimoja unaingia kwenye kivuli cha kingine. Kabla ya hapo nilikuwa Tanzania, na kwetu kebo ya kori 96 ndiyo ilikuwa kubwa. Ikija ya 144 tunaitana kwenda kuitazama. Huku kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine ni ya kori 864, 1728 au 3456, na zipo za 6912 ambazo bado zinapita kwenye bomba la inchi 2. Kebo za aina hiyo haziungwi kori moja moja. Nyuzi zake zimepangwa kwa riboni, nyuzi 12 kila riboni, ubavu kwa ubavu, na splaisa inaziyeyusha zote 12 kwa mpigo.

Hesabu yake ni hii. Kori 3456, ukizichukua moja moja na ukawa fundi mwepesi wa dakika 3 kwa kila kori pamoja na slivu (kimrija kinachokinga muungo) na kuipanga kwenye trei, ni saa 172 na ushei. Kwa riboni ni miungo 288. Hata ukijipa dakika 6 kwa kila mmoja, unamaliza kwa saa 29 hivi. Mteja akishaiona hesabu hiyo, mjadala wa njia ipi itumike umekwisha.

Watengenezaji wanaojulikana zaidi ni Fujikura na Sumitomo wa Japani, na wapo wengine. Nimeshika za kampuni zaidi ya moja, na tofauti kati ya mashine na mashine ni ndogo kuliko tofauti kati ya fundi na fundi. Kwa hiyo nazungumzia aina ya mashine, si chapa.

Splaisa ya kori moja tuliyoizoea huitazama kori yenyewe, yaani kiini cha uzi kinachopitisha mwanga, huisogeza juu na chini, kushoto na kulia, ikiridhika ndipo inapiga cheche ya umeme ya kuyeyushia. Ya riboni haihangaiki hivyo. Ina mifereji 12 yenye umbo la V, kila uzi unalala kwenye wake, na ulivyolala ndivyo unavyoungwa. Inawezekana kwa sababu kioo cha siku hizi kinatengenezwa kwa usahihi mkubwa: faiba ya kiwango cha G.652.D inatakiwa iwe na kipenyo cha maikroni 125, kwa kuzidi au kupungua 0.7 tu, na kiini kisitoke katikati kwa zaidi ya maikroni 0.6. Matokeo yake ni losi, yaani mwanga unaopotea kwenye muungo, ya kama 0.05 dB, wakati ile ya kori moja inakupa 0.02. Kwa masafa ya vituo vya data, tofauti hiyo hakuna mtu atakayekuita ofisini kwa ajili yake.

Ila chembe moja ya vumbi ikikaa kwenye mfereji mmoja, uzi wake unanyanyuka na mashine haina namna ya kuurudisha. Hapo ndipo watu wengi wanaotoka kwenye kori moja moja wanaposhangaa. Wanadhani wamenunua kasi, kumbe kazi haijapungua, imehamia mezani. Sehemu ya mashine ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Usafi, upangaji na ukataji vyote viko mikononi mwako, na ukikosea uzi mmoja umezikosea zote 12.

Nianze na kebo yenyewe, maana ndipo siku inapookolewa au kuharibika. Zipo za riboni bapa na zipo za riboni inayojikunja. Bapa ni ile ya zamani: nyuzi 12 zimegandishwa kwa gundi mwanzo hadi mwisho, ngumu kiasi, na namba yake imechapwa juu. Kwenye kebo ya mrija wa kati ya kori 216 unakuta riboni 18 zimelazwa moja juu ya nyingine, zimelowa jeli. Jeli hiyo unaifuta kwa vitambaa vyenye dawa ya maganda ya machungwa, halafu unafuta tena kwa spiriti, na bado jioni unaikuta kwenye kiwiko. Inayojikunja imegandishwa kwa vituo vituo tu, ikaachwa wazi kati ya kituo na kituo, kwa hiyo riboni inakunjika kama mkeka na kuingia mahali padogo. Ndiyo iliyosaidia sana kuleta kebo za 3456 na 6912. Nyingi ni kavu. Badala ya jeli zina mkanda na nyuzi zinazovimba zikiguswa na maji. Kwa usafi wa mikono tu ningeipigia kura hiyo.

Ganda la nje unalikata mduara, kisha unalichana kwa urefu kwa kisu cha ndoano. Kwenye nyingi za kebo hizi fimbo za fiberglasi zimezikwa ndani ya ganda, pande mbili zinazotazamana, ndiyo maana kebo inakubali kupinda upande mmoja na kugoma mwingine. Ujue upande wake kabla hujaifunga kwenye kloja (boksi linalohifadhi miungo), la sivyo utashindana nayo hadi usiku. Na vaa glavu. Kijiti cha fiberglasi kikiingia kwenye ngozi hukioni, unakisikia tu kila ukishika kitu. Kama kebo ina bati la kinga, bati hilo liungwe na waya wa ardhi kabla ya jambo lolote jingine.

Baada ya hapo riboni zimekaa kwenye vifurushi vilivyofungwa kwa nyuzi za rangi. Weka lebo kwenye kila kifurushi ukiwa bado hujakata uzi wake. Nimeona timu nzima ikitumia zamu ya usiku kutafuta riboni ni ya kifurushi kipi, kwa sababu mtu alikata nyuzi zote za rangi mara moja ili meza ionekane safi. Riboni inayojikunja mara nyingi haina namba iliyochapwa, ina alama za mistari tu, na kwenye mwanga hafifu mistari miwili na mitatu ni ndugu.

Rangi ndani ya riboni ni zile zile tunazozijua: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, akua. Kwenye riboni bapa mpangilio haubadiliki, hata ukitaka. Kwenye inayojikunja, unapoilaza kwenye kishikizo nyuzi zinaweza kupandana, kijivu na nyeupe zikabadilishana nafasi na mashine isiseme lolote, maana yenyewe inaona kioo, haioni rangi. Mimi husoma rangi kwa sauti, bluu mpaka akua, kabla ya kufunga kifuniko cha kishikizo. Wenzangu walicheka mwanzoni. Siku hizi trela letu linasikika kama darasa la awali.

Kuvua ngozi ya nyuzi kunafanywa na strippa ya moto. Unaingiza kishikizo, unasubiri ipashe, kisha unavuta polepole kwa mkono ulionyooka. Ukivuta kwa pupa unakatika uzi mmoja, na kwa kawaida ni wa pembeni. Siku za baridi muda wa kupasha unauongeza, kwa sababu ngozi inakuwa ngumu na inaacha mabaki. Januari ya huku si mchezo. Tunafanya kazi ndani ya trela lenye hita, na hata hivyo kebo inayotoka kwenye chemba inaingia ikiwa barafu.

Kisha kitambaa kisichoacha manyoya, kimelowa alkoholi ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ina maji, iache. Nyuzi zikiwa safi zinalia: ukizifuta unasikia mlio mwembamba. Zisipolia, rudia. Baada ya hapo kliva, kifaa cha kukatia ncha, nyuzi 12 kwa mkato mmoja, na kuanzia sekunde hiyo ncha zile haziguswi na chochote. Kumbuka kwamba mkato mmoja wa riboni unakula wembe mara 12 ya mkato wa kori moja. Wembe ambao Dar ungekaa nao muda mrefu, hapa unauzungusha nafasi mpya ukiwa bado unaukumbuka ulivyokuwa mpya. Kliva za kisasa zinazungusha zenyewe, na hiyo ni nyongeza ninayoilipia bila kunung'unika.

Kwenye skrini ya mashine unaziona ncha zote 12 zimepangana. Mashine inapima pembe ya kila mkato, na ikikuta mmoja mbovu inakataa. Unaweza kuilazimisha iendelee. Usiilazimishe. Shida ni kwamba kila ukirudia, riboni inafupika kwa sentimita kadhaa, na riboni fupi kuliko wenzake haitakaa vizuri kwenye trei. Itajipinda ubavu, na riboni haipendi kupinda kwa ubavu hata kidogo. Kwa hiyo acha ziada ya kutosha tangu mwanzo, kubwa kuliko michoro ya kloja inavyokuambia.

Slivu ya riboni ni pana, na mhimili wake ni wa kauri au wa kioo, si kijiti cha chuma kama cha slivu za kori moja. Inachukua muda mrefu zaidi kwenye hita, na hapo ndipo foleni inapojengeka: kuunga kumeisha, slivu bado inaiva. Ukiwa na msaidizi mzuri anayeandaa riboni inayofuata, foleni haionekani. Ukiwa peke yako, utakuwa unaitazama taa ya hita.

Nilichokuja kukithamini kwa kuchelewa ni kusawazisha nguvu ya cheche. Cheche inategemea hewa: joto, unyevu na mgandamizo wake. Mashine iliyosawazishwa Dar usawa wa bahari, ukiipeleka Arusha mita kama 1,400 juu, inapiga cheche nyingine kabisa. Kwa kori moja kosa hilo unaweza usilione. Kwa riboni, nyuzi za pembeni na za katikati hazipati joto sawasawa cheche ikiwa dhaifu, na utaona losi ya nyuzi za pembeni, namba 1 na 12, ikitofautiana na ya za katikati. Ukiona mchoro huo, acha kulaumu kliva.

Kwenye vipimo, OTDR (kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba na kuonyesha losi njiani) kwa pande zote mbili, kwa mwanga wa nanomita 1310 na 1550. Kwa upande mmoja utakutana na miungo inayoonekana kama imeongeza mwanga. Haijaongeza kitu; ni faiba mbili zenye upana tofauti wa njia ya mwanga, na wastani wa pande mbili ndio ukweli. Na ikiwa losi ya 1550 ni kubwa sana kuliko ya 1310 mahali pale pale, muungo hauna kosa. Fungua trei utafute riboni iliyokunjwa kupita kiasi, maana mkunjo unaiumiza 1550 kabla ya 1310. Jambo hilo peke yake limeniokoa kukata miungo mizima mingi.

Nyota nusu niliyoinyima ni kwa ajili ya matengenezo. Uzi mmoja ukikatika baada ya riboni kuungwa, splaisa hii haikusaidii sana: ama ukate zote 12, ambazo huenda 11 zina trafiki ya watu, ama uitenganishe riboni na kuunga uzi mmoja kwa mashine ya kori moja. Inayojikunja inatenganishwa kwa vidole. Bapa inahitaji kifaa chake na moyo mgumu. Kwa vyovyote, mashine ya kori moja haitoki kwenye gari langu.

Kwa mafundi wa nyumbani wanaoniuliza kama wanunue: bei ya splaisa mpya ya riboni pamoja na strippa na kliva yake inakununulia gari la mtumba Dar na chenji inabaki. Kama kazi zako ni kuingiza faiba majumbani, hairudishi pesa. Kama unaanza kupata kebo za 288 kwenda juu, hata zisizo za riboni, angalia, kwa sababu nyuzi za mirija ya kawaida zinaweza kupangwa na kugandishwa kwa gundi maalumu zikawa riboni mezani. Ni kazi ya subira lakini inalipa.

Na ukinunua iliyotumika, usiangalie idadi ya cheche kwenye skrini tu. Omba kuona mifereji ya V kwa darubini, maana ikichubuka hakuna usafi utakaoirudisha. Uliza inapokea nyuzi za maikroni 250 peke yake au na za 200 pia, kwa kuwa kebo nyingi kubwa za sasa ni za 200 na mifereji yake huenda isiwe ile ile. Kisha unga riboni tano mbele ya muuzaji, kwa slivu zako mwenyewe.