Mfumo wa kuskani doria ulimwandikia Babu kosa la bahari

Hasira hii ninayo tangu kusi la mwaka jana. Leo naitoa kwa sababu jirani yangu mwenye hoteli amenipigia simu kuniuliza kama mfumo huu wa doria ni mzuri, na yeye auchukue. Nilianza kumjibu kwa "usithubutu", nikamaliza kwa "njoo kwanza tuzungumze". Kwa hiyo msinitake neno moja, sinalo.

Ni ule mfumo wa kubandika stika za QR sehemu mbalimbali za jengo. Mlinzi akipita anaskani kwa simu, na ripoti inamfikia meneja na mwenye mali hapo hapo. Bei na vifurushi vya kampuni inayouuza mtaviuliza wenyewe. Mimi nataka kusema habari ya Babu.

Babu ni mlinzi wetu wa usiku. Hoteli yetu ni ndogo, ipo Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi ndiye meneja wake, na Babu alikuwepo kabla yangu. Ujana wake wote aliumaliza baharini, dema na mshipi, mpaka mgongo ulipokataa. Kabla ya mfumo, doria yake tukiijua kwa kikohozi. Saa nane ya usiku unamsikia anakohoa chini ya dirisha, unageukia ubavu wa pili, unalala. Mwenye hoteli anaishi Muscat, kikohozi hakimfikii huko. Alitaka ripoti, na sikumlaumu. Mtu aliyetia fedha zake mbali ana haki ya kujua usiku kunakuwaje.

Fundi wa kampuni alikuja mchana, maji yamekupwa, mchanga mweupe umetandaa mpaka kule kwenye mwani wa kina mama. Akabandika stika nane. Geti la barabarani, tangi, jenereta, stoo, jikoni, na nyinginezo. Ya nane akaibandika kwenye kona ya ukuta wa pwani, nje, chini ya ngazi, kwa kuwa mwizi aliyewahi kutuingilia alipitia huko. Sote tuliona ni akili. Wiki ya mwanzo ripoti zote za kijani, mwenye mali ananitumia salamu za asubuhi kwa furaha.

Kisha ikaja nyekundu. Doria ya saa kumi ya alfajiri, stika ya nane, haikuskaniwa. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu vile vile. Simu kutoka Muscat: "Huyo mzee amechoka, analala."

Nikamuuliza Babu. Akanijibu kwa upole wake ule ule: "Mwanangu, huu mwezi mpevu. Bahari imo ukutani. Nikishuka ngazi maji yananifika kifuani, na simu hii si yangu."

Nilimsikia, wallahi nilimsikia. Lakini mkononi mwangu kulikuwa na ripoti yenye tarehe, saa na dakika, na kwa upande wake kulikuwa na maneno tu. Nikaona niwapigie kampuni, labda wao watanipa njia. Kijana aliyepokea hakuniacha hata nimalize. "Dada, mfumo haudanganyi. Watu ndio wanaodanganya." Nikamweleza habari ya maji kujaa. Akacheka. Alicheka, nakusudia hivyo hivyo ninavyoandika. "Bahari haihusiani na mfumo, dada. Mwambie mlinzi wako aache kulala."

Kijana huyo hajapata kumwona Babu. Hajui kama Babu anatia udhu na kuswali alfajiri yake pale pale lindoni, na kwamba kwa miaka yote hiyo hatujapotelewa na kitu katika zamu yake. Akamhukumu kwa rangi iliyomo kwenye kioo cha kompyuta, na akanifanya mimi niliyepiga simu kuuliza nionekane mjinga anayetetea mvivu.

Na mimi nikakubali. Hili ndilo linaloniuma kuliko kicheko chake. Nimezaliwa Makunduchi, bamvua, yale maji yanayojaa kupita kiasi, sikuisoma skuli, nimekua nayo. Bado nilitia saini karatasi ya kumkata Babu mshahara wa siku mbili. Aliipokea, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Haya, mwanangu." Basi.

Baada ya hapo zikaja kijani siku kadhaa, kisha nyekundu tena, zimefuatana. Safari hii mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Asubuhi moja mgeni alikuja kaunta kuniuliza saa ngapi maji yatakuwa mengi, aogelee. Nikageuka kumtazamia kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Jedwali hilo linaning'inia nyuma ya kiti changu kila siku, kwa ajili ya wageni. Mgeni alipoondoka nililing'oa ukutani, nikaliweka pembeni ya ripoti.

Kila anayeishi pwani yetu anajua kuwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiandama, na siku hizo maji hujaa mno kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa nzima. Siku chache tu zikipita, saa kumi inaukuta mchanga uko wazi. Zikifika siku za maji mafu, hata yakijaa hayaufikii ukuta. Nyekundu za Babu zilifuata hivyo hivyo bila kukosea hata usiku mmoja. Mtu mvivu halali kwa kufuata mwezi.

Nikatazama na zamu za yule mlinzi mwengine, kijana, anayepokezana na Babu siku tatu tatu. Mwenye mali alikuwa akimsifu sana. Zamu zake mbili ziliangukia bamvua, na saa kumi stika ya nane ilikuwa ya kijani zote. Nikamwita nikamuuliza amefikaje pale. Hakujibu. Nikamwomba anioneshe picha za simu yake mwenyewe, akainamisha kichwa. Alizipiga picha stika zote nane, na usiku alikuwa akikaa jikoni anaziskani moja moja kwa simu ya kazini.

Na mfumo ukampa kijani. Kampuni walipotuuzia walisema kila skani inarekodi mahali mtu alipo. Sawa, lakini kiwanja chetu ni kidogo, na simu hukosea mita kadhaa kujua ilipo, kwa hiyo jikoni na pwani kwake ni pale pale. Nimekuja kusoma baadaye kwamba alama hizi za QR zilibuniwa Japani mwaka 1994 kwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kwa kipuri zinatosha, kwa sababu kipuri hakina sababu ya kumdanganya mtu. Lakini picha ya QR inasomeka sawasawa na QR yenyewe, na anayeuza kitu hiki kwa kazi ya ulinzi lazima awe analijua hilo.

Nilipiga simu tena, na mara hii sikuongea kwa upole. Alipokea mwengine, mstaarabu zaidi. Akaniambia kwenye programu kuna sehemu ya mlinzi kuandika sababu iliyomzuia kufika na kuambatanisha picha. Ipo tangu mwanzo. Nikamuuliza mbona hatukufundishwa. "Ipo kwenye mwongozo." Mwongozo wenyewe wa Kiingereza, kurasa na kurasa, nao wameuza mfumo kwa watu ambao walinzi wao wanasoma Kiswahili na Kiarabu cha chuoni. Kitufe kimoja kingemwepusha Babu na karatasi ile.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota moja, tena kwa shingo upande. Lakini nikisema kweli yote, ni rekodi hizo hizo zilizomsafisha Babu. Kikohozi hakiachi tarehe. Kama ingekuwa neno la mtu kwa mtu, pengine mpaka leo mwenye mali angeamini mzee analala na kijana anakesha. Nilimpelekea ripoti na jedwali pamoja, na siku ile ile akaamuru fedha zirudishwe. Kijana aliondoka mwenyewe.

Stika tumezitoa, tumetia chipu ndogo zinazotaka simu ikaribishwe kabisa, karibu kugusana, na ukizipiga picha hupati kitu. Ya kwenye geti la chuma ilikataa kusoma mpaka walipoleta aina yake ya kukaa juu ya chuma. Ya nane tumeipandisha juu ya ngazi. Inafanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Nyota tatu, basi. Zingekuwa nne, lakini yule kijana wa kicheko hajaomba radhi, na kampuni nao hawajaomba, ingawa niliwaandikia kila kitu kwa maandishi. Kwa hilo nashuka mpaka mbili.

Jirani yangu akija nitampa kwanza jedwali la maji, kisha nitamshauri atembee na mlinzi wake usiku wa bamvua, saa kumi, kabla fundi hajabandika kitu chochote.

Babu bado yupo. Fedha nilimpa mkononi, nikamwomba msamaha, akasema yamekwisha. Anaskani zote nane kwa wakati. Saa nane ya usiku nasikia simu yake inalia chini ya dirisha langu inaposoma chipu, ila kukohoa ameacha. Na asubuhi akinikabidhi zamu haniiti tena mwanangu. Ananiita meneja.