Rosa Klebb: bibi wa kiatu chenye kisu ndo kabeba muvi nzima

Oya wadau, karibuni tena, kama hujasabskraibu bonyeza hapo chini fasta. Leo mkononi nina diski ya From Russia with Love, muvi ya pili ya jasusi James Bond hiyo, 1963, Bond ni Sean Connery, Istanbul, mapigano kwenye treni, yote hayo mnayajua naruka. Mimi nimemfuata mtu mmoja tu humu ndani, Lotte Lenya, yule bibi anayecheza Rosa Klebb, adui wa Bond.

Ngoja nirudishe nyuma muone. Hapa kisiwani kwa SPECTRE, lile genge la wahalifu, huyu Grant, muuaji wao, yani Robert Shaw, limwili limejazia, ndo katoka kukandwa. Cheki bibi anavyomsogelea, mfupi, nywele kazibana, anamkagua kama mbuzi wa mnadani, sasa angalieni mkono, mkono jamani! Kavaa chuma vidoleni, paa, ngumi ya tumbo. Jamaa hatikisiki, na bibi uso ule ule, kama katoka kusaini fomu tu. Narudia tena. Hapigi kelele, hatoi macho, na bado unamwogopa yeye kuliko lile limwili.

Halafu Venice, mwisho kabisa, kavaa kama mhudumu wa hoteli, bastola inamponyoka, anatoa kisu cha sumu kwenye ncha ya kiatu anaanza kumrushia Bond mateke, stelingi mzima anajikinga na kiti! Na anayemmaliza bibi ni Tatiana, yule mrembo wa Kirusi aliye na Bond, siyo Bond. Muvi ya 1963 msinilaumu kwa kuwamalizia utamu.

Mtu atakuja kwenye koment aniambie Oddjob, yule mlinzi wa adui kwenye muvi ya Bond ya Goldfinger, ni hatari zaidi, sawa, kofia yake ile ya kurusha noma, ila Oddjob ana mwili unamsaidia, huyu ana miaka 64 hapo. Na wala hakuwa wa kuokotwa, mzaliwa wa Vienna, mke wa mtunzi Kurt Weill, kaimba The Threepenny Opera Berlin 1928, baadaye akaigiza tena New York akabeba tuzo ya Tony, na 1961 kuna muvi ilimpa hadi nominesheni ya Oscar. Ule wimbo wa Mack the Knife wa Louis Armstrong, sikiliza vizuri, jina lake limo.

Picha ya diski safi, ila bei ya mpya wameikalia vibaya, tafuta iliyotumika au subiri ofa. Goldfinger naipandisha wiki ijayo, timu Oddjob njooni mjitetee.