Helios 44-2: lenzi kuukuu inayozungusha majani nyuma ya uso

Ukimsimamisha mtu mbele ya mwembe wakati jua la alasiri linapenya matawini, kisha ukampiga picha kwa Helios 44-2 iliyofunguliwa hadi f/2, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa, vipande vya nuru vilivyo nyuma yake havitoki kama vitone vya duara vilivyotulia, bali hupindika na kuuzunguka uso wake kama ukili unavyozunguka kawa. Kwa ajili ya picha za namna hiyo nimeitumia lenzi hii ya milimita 58 kwa zaidi ya mwaka mmoja, na bado naipenda kuliko lenzi yangu ya kisasa yenye fokasi ya otomatiki.

Helios 44 ilitokana na lenzi ya Biotar ya kampuni ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani, ikaundwa katika kiwanda cha KMZ mjini Krasnogorsk, karibu na Moscow, na baadaye katika viwanda vingine vya Umoja wa Kisovyeti. Kwa kuwa iliuzwa pamoja na kamera za Zenit, ilienea kwa wingi, na ndiyo maana hadi leo bei yake ni nafuu. Mzunguko unaoipa sifa ni kasoro ya kioo: pembezoni mwa picha, mwili wa lenzi huikata miale inayoingia kwa mshazari, hivyo kila kitone cha nuru hutoka chembamba kama jicho la paka, huku kasoro nyingine za kioo zikikivuta kufuata mkondo wa duara.

Mzunguko huo hauji wenyewe. Unahitaji mandhari yenye vitu vidogo vidogo vingi, hasa majani yenye mianya ya mwanga, yakiwa mita kadhaa nyuma ya mhusika, naye awe karibu na katikati ya picha. Mbele ya ukuta mtupu hutaona lolote la kipekee. Ukubwa wa sensa, yaani kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, nao una uzito mkubwa, kwa sababu sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili, hukata pembezoni, mahali penyewe ambapo uzuri wa lenzi hii unakaa. Aliye na kamera ya sensa ndogo ningemshauri afikiri mara mbili kabla ya kununua.

Katika kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless), adapta ya kawaida ya M42, yaani ya skrubu ambayo lenzi hii hufungwa kwayo, inatosha, mradi kamera iruhusiwe kwenye menyu kupiga picha hata isipoitambua lenzi. Fokasi ni ya mkono, na kwa umbali wa mita moja kwenye f/2 sehemu inayoonekana wazi bila ukungu haizidi sana kina cha sentimita 4. Kwa hiyo mimi hukuza picha kwenye skrini hadi kope zionekane, kisha hupiga mfululizo wa picha tatu au nne. Pete ya fokasi huzunguka safari ndefu, jambo linalosaidia usahihi lakini linalochosha mbele ya mtoto asiyetulia. Kwa sherehe inayokwenda mbio siipendekezi kabisa. Jua likiipiga kwa mbele, rangi hufifia na utando mweupe hutanda juu ya picha, kwa hiyo kofia ya kuikinga lenzi na jua (hood) ya milimita 49 ni ya lazima.

Anayenunua aichunguze mwenyewe. Ya kwanza niliyoagiza ilifika na nyuzi za kuvu ndani ya kioo, ingawa muuzaji alikuwa ameieleza kuwa safi, na katika picha za dhidi ya mwanga ilinipa ukungu usioondoka. Ya pili niliimulika kwa tochi kutoka nyuma, nikazungusha pete zote mbili za tundu la mwanga kuona kama mabamba yake 8 yanafunga sawasawa na hayajachafuliwa na mafuta, ndipo nikalipa.