Siku tisa Komoro, na marahaba isiyo na shikamoo

Asubuhi ya kwanza Moroni, mji mkuu, nilinunua mkate kwa bibi mmoja soko la Volovolo. Nilipompa hela akasema, "Marahaba." Nikaona haya, maana sikuwa nimemwamkia. Nikamwambia shikamoo haraka haraka, akacheka mpaka jirani yake akageuka. Kumbe Wakomoro wakisema marahaba wanashukuru.

Ndivyo ilivyo kwa mtu wa pwani ya Tanzania kama mimi: unaelewa nusu, na hiyo nusu unayodhani umeielewa ndiyo inayokuumbua. Maofisini ni Kifaransa zaidi.

Anayetaka mahoteli ya kifahari na miavuli ufukweni aende Shelisheli. Ngazija, kisiwa ulipo Moroni, ni kisiwa cheusi. Mlima Karthala, mita 2,361, bado ni volkano hai, na mawe yake yametelemka hadi baharini. Mchanga mweupe upo, kaskazini huko Mitsamiouli. Nikaoga, nikala samaki, basi.

Iconi ndiko nilikoganda. Kuna genge refu la mawe juu ya bahari ambako mwaka 1805 wanawake walijirusha wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Kijana aliyetutembeza alisimulia polepole, kama mtu anayeeleza habari za bibi yake. Hakuna aliyepiga picha.

Tuliporudi mjini nilitaka kujipumzisha kwenye baraza za mawe za bangwe, uwanja wa wazee. Kijana yule akanishika mkono taratibu: pale kila kiti kina mwenyewe. Ngazija mwanamume hahesabiwi mtu mzima mpaka afanye anda, harusi kubwa inayowekewa akiba miaka na miaka. Nina watoto watatu na mvi mbili tatu, lakini kwa hesabu ya pale mimi ni kijana tu.

Makumbusho ya Moroni ni madogo, ila msiyapite. Yumo silikanti, wao humwita gombesa, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana kisiwa cha Nzwani, hukohuko Komoro, mwaka 1952, na wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote. Watu wa Tanga, ambako naye amewahi kuvuliwa, watanielewa.

Sasa lawama. Ndege ya kwenda kisiwa cha Mwali iliahirishwa siku nzima bila hata ujumbe wa simu. Waliotuuzia tiketi wakawa wanajibu "kesho, inshallah", na chumba nilichokwisha kulipia Mwali kikalala peke yake. Kadi yangu ya benki nayo ilikataa kila nilipoijaribu. Bebeni euro taslimu. Moja ni karibu faranga 492, na kiwango hicho hakipandi wala kushuka.

Mwali yenyewe ilinifuta hasira. Usiku, ufukwe wa Itsamia, tulikaa gizani bila tochi wala mazungumzo. Kasa akapanda kutoka majini kwa shida, akachimba, akataga, akafukia kwa mapezi yake. Akawa anavuta pumzi kama mama mzito anayepanda ngazi. Alipogeuka kurudi baharini kulikuwa kunakaribia kucha, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Safari naipa nyota nne. Kosa langu mwenyewe ni kugawa siku vibaya: sita Ngazija, tatu Mwali, na moja kati ya hizo tatu ikaliwa na uwanja wa ndege.