Tahadhari: Gololi za manati zinazouzwa kuwa ni chuma ilhali nyingi ni madini ya risasi

Naandika tahadhari hii kwa wote wanaonunua gololi za manati mtandaoni, hasa wazazi na walezi wa vijana wanaojifunza kulenga shabaha. Kuna muuzaji anayetangaza pakiti za gololi 100 "za chuma cha beringi, milimita 10, kwa shabaha na mawindo", na kilichomo ndani ya pakiti hizo sicho kinachotangazwa. Safu ya juu ni gololi halisi za chuma. Zilizo chini yake ni za madini ya risasi, yale yale yanayotolewa kwenye betri chakavu za magari, zikiwa zimepakwa rangi ya fedha ili zing'ae kama zile za juu. Mimi na wenzangu tunaofanya mazoezi pamoja hapa Morogoro tuliagiza kwa nyakati tofauti, na kila pakiti iliyotufikia ilikuwa imepangwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba ni bahati mbaya ya kiwandani.

Udanganyifu huu umefikiriwa vizuri, na ndiyo maana wengi hawaugundui. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10 ina uzito wa takriban gramu 4.1, hivyo pakiti ya gololi 100 inapaswa kuwa na gramu 410 hivi, na mnunuzi makini akiiweka pakiti ya muuzaji huyu kwenye mizani ataona karibu namba hiyo hiyo. Risasi ni nzito kuliko chuma: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, wakati ya chuma ina gramu 7.85 tu. Mtu akitengeneza gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 8.9 hivi, uzito wake utalingana na wa gololi ya chuma ya milimita 10. Mizani peke yake, basi, haiwezi kumuumbua. Lakini ukizipima moja moja, kwa mizani ndogo ya aina wanayotumia sonara, utaona kwamba jumla ndiyo inayolingana, gololi zenyewe hazilingani: moja ina gramu 3.6, ya pili 4.5, ya tatu 4.0. Hata kama zisingekuwa na sumu, gololi za namna hiyo hazifai kwa shabaha, kwa sababu mkono unaojifunza unahitaji kila gololi iruke kama iliyotangulia.

Kipimo kinachomuumbua hakihitaji vifaa vya gharama. Fungua kitabu katikati, panga gololi 10 zikigusana kwenye bonde la kurasa zake, kisha pima urefu wa mstari huo kwa rula ya shuleni. Gololi za milimita 10 zitafika sentimita 10 kamili, na hizi za kughushi ziliishia karibu na sentimita 9. Baada ya hapo mwaga pakiti nzima kwenye sinia, si zile za juu peke yake, upitishe sumaku. Sumaku ya spika iliyoharibika inatosha kabisa. Chuma cha beringi hurukia sumaku mara moja, na risasi haitikisiki. Kwa haki niseme kwamba ziko aina za chuma kisichoshika kutu ambazo nazo hazivutwi na sumaku, kwa hiyo gololi iliyokataa sumaku usiihukumu kabla ya kuikwaruza kwa ncha ya kisu. Chuma kitakataa kisu. Risasi itakatika kama sabuni, rangi ya fedha itabanduka kwa vipande vyembamba, na ndani utaona mng'ao wa kijivu ambao baada ya muda hufifia. Ukiisugua sehemu hiyo kwenye karatasi nyeupe itaacha mstari wa kijivu.

Anayezichunguza gololi hizi kwa karibu juani ataona pia jinsi zilivyotengenezwa. Zimezungukwa na mshono mwembamba katikati, mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na upande mmoja kuna kibapa kidogo palipokatwa mkia wa kumiminia. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalopulizwa hulifikia, ilhali chuma huhitaji nyuzi zaidi ya 1,400. Hakuna anayeyeyusha chuma uani kwake. Gololi ya beringi husagwa kwa mashine mpaka iwe duara kamili na haina mshono wala kibapa, kwa hiyo ukiona alama hizo, acha mazungumzo ya bei.

Lililonisukuma kuandika ni afya za watoto, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na madhara yake huingia kwenye ubongo unaokua, kwenye damu na kwenye figo, mara nyingi bila dalili za kumshtua mzazi mapema. Sasa fikiria jinsi vijana wetu wanavyotumia manati. Wengi huweka gololi mbili tatu mdomoni ili mikono ibaki huru, wengine huzitia mfukoni pamoja na karanga au maandazi, na karibu wote hula bila kunawa baada ya kulenga. Rangi ya muuzaji huyu ni laini mno, na baada ya kuvutwa mara chache kwenye ngozi ya manati huanza kubanduka, na vidole vya mlengaji hubaki na weusi kama wa mtu aliyeshika betri kuukuu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijifunza kwa uchungu maana ya kuishi na risasi baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kujengwa kando ya nyumba zao; mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na shauri hilo likaendelea katika ngazi za rufaa kwa miaka mingine. Pakiti moja ya gololi si kiwanda, lakini hiyo si sababu ya kuileta sumu hiyo nyumbani na kumkabidhi mtoto.

Tangazo lake lina kosa la pili, nalo ni ushauri. Anadai kwamba gololi moja ya milimita 10 inafaa kila manati na kila kazi, na hilo si kweli. Gololi huchaguliwa kwa kuangalia mpira wa manati. Mipira myembamba bapa ya kisasa hurudi kwa kasi na huenda vizuri na gololi nyepesi za chuma, za milimita 8 zenye gramu 2 hivi, au za milimita 9 na 10 kama mpira ni mpana kidogo. Mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli au ya gari hurudi polepole zaidi, na hupendelea mzigo mzito, kama gololi ya milimita 12 yenye gramu 7. Ukitia gololi nyepesi mno kwenye mpira wenye nguvu, nguvu iliyobaki hurudi mkononi na kuuchosha mpira, na mpira uliochoka hukatikia usoni mwa mlengaji. Ukitia nzito mno kwenye mpira dhaifu, gololi itainamia chini kabla ya kufika. Anayeanza afunge matambara mazito yaning'inie ndani ya boksi la katoni nyuma ya shabaha, ili gololi zinaswe humo na zitumike tena, avae miwani ya kujikinga, na asilenge kamwe ubao mgumu, jiwe wala shina la mti kwa gololi ya chuma, kwa maana hurudi ilikotoka. Gololi za kioo za kuchezea watoto zinaonekana rahisi, lakini hupasuka, na vipande vyake hubaki kwenye majani vikisubiri mguu usio na kiatu.

Kwa wale wanaoamia mpunga, yaani wanaoshinda shambani kufukuza kwelea kwelea, sioni sababu ya kununua gololi yoyote. Udongo wa mfinyanzi, au wa kichuguu uliopondwa na kukandwa vizuri, ukifinyangwa kwa ukubwa mmoja na kukaushwa kivulini kwa siku kadhaa ili usipate nyufa, hutoa gololi inayoruka vizuri kwa umbali wa kufukuzia ndege, na ikianguka huvunjika na kurudi kuwa udongo. Haiachi kitu cha kuharibu jembe wala sumu ndani ya majaruba. Wazee wa mashambani wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote, na mimi naiona kuwa ndiyo chaguo bora hata kwa mtoto anayejifunza shabaha nyumbani.

Kuhusu mawindo, tangazo linapotosha kwa namna inayoweza kumpeleka mtu mahakamani. Muuzaji ameandika kwamba manati "haihitaji kibali chochote". Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na leseni, na kanga au kware wa porini ni mnyamapori hata kama umempiga kwa manati. Mwenye nia ya kuwinda aanzie kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake. Ndugu zetu wa Kenya, ambako pia anatuma mizigo, wakumbuke kwamba uwindaji ulipigwa marufuku huko tangu mwaka 1977. Hata mwenye leseni hapaswi kutumia gololi hizi: zisizolingana uzito hukosa kichwa na kuvunja bawa au mguu, mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso. Risasi laini ikigonga mfupa huacha chembe ndani ya nyama, ambazo mpishi hazioni, na mzoga usiopatikana huliwa na tumbusi na ndege wengine wala mizoga, nao wakadhurika.

Sitaji jina la ukurasa wake, kwa kuwa amelibadilisha zaidi ya mara moja na anayelitafuta leo hatalikuta. Mtambueni kwa mwenendo wake. Video yake inaonyesha gololi zikitoboa kopo la soda, na sehemu ya maoni imefungwa. Anadai malipo yote kwanza kwa simu, kisha mzigo unapandishwa basi ukiwa umezungushiwa utepe wa gundi kiasi kwamba huwezi kuufungua mbele ya wakala wa kituoni. Ukimwomba akuwekee gololi 10 kwenye rula na kupiga picha, atakujibu kwamba ana wateja wengi. Ukimlalamikia kwa picha za gololi zilizokwaruzwa, atasema hicho ni "chuma laini cha mazoezi", ilhali hakuna chuma kinachokatika kwa kisu kama sabuni, na ukiendelea atakufungia. Pia anauza kwa kilo, akiahidi gololi 300 za milimita 10 katika kilo moja. Kilo moja ya chuma haiwezi kutoa zaidi ya 244 za ukubwa huo, na hesabu hiyo peke yake inatosha kumkataa.

Ambaye tayari anazo gololi hizi asizitupe shambani wala jalalani, asizichome, na asikubali mtu aziyeyushe upya. Aziweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, abadilishe ngozi ya manati yake, na aoshe kwa sabuni mikono na mifuko ya nguo zilizozibeba. Mtoto aliyezoea kuziweka mdomoni, na hasa aliyemeza hata moja, apelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari waziwazi kwamba ni madini ya risasi, si risasi ya bunduki, ili vipimo sahihi vifanyike. Gololi chache zihifadhiwe pamoja na pakiti, risiti ya basi na ujumbe wa malipo, kwa ajili ya polisi na Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa zinazouzwa kwa maelezo ya uongo. Namba ya simu iliyopokea fedha itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli wa simu hapa Tanzania, na aliyelipa leo na bado hajatumiwa mzigo apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, aombe muamala uzuiwe kabla fedha hazijatolewa.