Fataki ni za bure, kifungua kinywa ndicho cha kulipia

Mkesha wa mwaka 2023 uliangukia Jumamosi, watoto walikuwa kwa bibi yao Morogoro, basi mimi na Baba Nasri tukaamua kulala mjini kama wageni. Tulichukua ofa ya hoteli moja maeneo ya Posta: chumba usiku mmoja, fataki juu ya paa, na kifungua kinywa Jumapili asubuhi. Shilingi 280,000 kwa wawili. Jina la hoteli nalihifadhi, maana nina la kulalamika.

Chumba hakina neno. Shuka safi, kiyoyozi kinafanya kazi, maji ya moto yapo, ingawa kwa joto la Dar la Desemba sijui nani anayataka.

Shida ilikuwa paani. Ofa ilisema meza ya watu wawili. Tulipopanda tukakuta meza yetu imeshakaliwa na familia nzima na watoto wao, na mhudumu anatuambia, "Samahani sana dada, ngoja niwatafutie." Alichotutafutia ni viti viwili vya plastiki ubavuni mwa tangi la maji. Soda ya huko juu bei yake mara tatu ya dukani. Na lifti moja kwa umati ule! Kushuka tulitumia ngazi, viatu mkononi.

Fataki zenyewe, nisiseme uongo, zilipendeza. Saa sita kamili meli bandarini zikapiga honi kwa pamoja, halafu mbingu ikapasuka. Za karibu zilirushwa upande wa baharini, mlio unakugonga kifuani papo hapo. Za mbali, kule ng'ambo ya Daraja la Tanzanite kuelekea Oysterbay na Masaki, unaliona ua jekundu limefunguka, limezimika, ndipo mlio unakufikia. Baba Nasri, aliyesoma fizikia na hakuachi usahau, akaanza kuhesabu: sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kilometa moja, kwa hiyo zile ziko kilometa tano hivi. Akaendelea kwamba nyekundu hutokana na strontiamu, kijani bariamu, na bluu hutokana na shaba, nayo ndiyo inayowasumbua mafundi kuliko zote. Nikaangalia vizuri, bluu kweli zilikuwa za kuhesabika. Kisha kaskazi ikatuletea moshi wote usoni, na zile za mwisho tukaziona kama mwanga tu ndani ya ukungu.

Sasa sikia. Chini, barabara ya Kivukoni, vijana walikuwa wamekaa ukingoni na karanga zao wakitazama fataki zilezile bila kutoa hata mia. Na moshi nadhani uliwapita juu kwa juu.

Lakini asubuhi! Nimezoea vifungua kinywa vya hoteli za mjini: soseji, maharage ya kopo, tosti, na matikiti yaliyokatwa jana. Hayo yalikuwepo, yamewekwa kona yake. Meza ndefu ilikuwa ya kwetu: mihogo ya nazi, mbaazi nzito, viazi vitamu, chapati, mtori, supu ya mbuzi na ndimu na pilipili mbuzi pembeni. Chai ya maziwa imechemka na tangawizi, siyo ile ya maji ya moto na kipakiti.

Karibu na dirisha kulikuwa na mama mtu mzima, kanga kiunoni, anachoma vitumbua hapohapo. Anatia mafuta tone kila shimo la kikaango, anamimina uji wa mchele, anangoja pembezoni pakauke, halafu anachokoa kwa kijiti na kugeuza, bila kukuangalia. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza mchele kauloweka lini. "Marahaba. Tangu jana mchana, mwanangu. Ukiuharakisha kinakuwa jiwe." Changu nilikimega kingali kinafuka: nje kimekauka vizuri, ndani tundutundu, iliki inatangulia puani, nazi inafuata mdomoni, na sukari imejua mipaka yake. Supu ilipungua chumvi kidogo, jambo ambalo halikumzuia Baba Nasri kurudia.

Baadaye tulitembea hadi Feri tukapanda pantoni kwenda Kigamboni, shilingi 200 kwa kichwa. Mwaka mpya watu ni wengi mno huko, hatukukaa.

Nitarudi hotelini pale, ila siyo mkesha. Wikiendi ya kawaida nilipouliza mapokezi chumba ni chini ya 200,000, kifungua kinywa kilekile. Fataki nitazifuata Kivukoni na mkeka wangu, nifike kabla ya saa nne usiku. Ukienda, omba chumba cha upande wa bandari, cha barabarani honi hazilali. Na ushuke mapema kula: wanasema hadi saa nne na nusu asubuhi, lakini saa tatu na nusu yule mama alishaanza kufuta kikaango chake.